Nani Anayekuchotea Maji?

Goma, 9 Septemba 1956

Kwa shangazi yangu mpenzi Sikujuwa binti Yuma, Kasongo,

Assalamu alaikum. Naomba karatasi hii ikukute umekaa kwenye mkeka wako, wasichana wa chuo chako cha Kurani wakisoma kwa sauti na wewe ukiwasahihisha bila kuinua kichwa. Ndivyo ninavyokuona kila ninapokukumbuka. Huku kwetu afya ipo. Mke wangu Wivine anakusalimu sana. Mawese uliyotuma yalifika, akayapikia sombe ya majani ya muhogo, na jirani wakaja kuuliza harufu ile inatoka nyumba gani.

Kazi inakwenda. Bado nashona barazani kwa yule Mgiriki mwenye duka, na mwezi huu nimepewa suruali za kaki za walinzi wa mbuga kule Rumangabo. Kaki ni ngumu, sindano zinavunjika, lakini jina langu linakua. Ukisikia mtu anasema Feruzi wa Goma ni fundi, usimkatalie.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu nirudi kutoka Kasongo mwaka jana, nilipokuta baba amekwisha kuzikwa na hata matanga yameondolewa, udhu wangu haukai. Natawadha vizuri, naanza mikono, uso, naenda kwa utaratibu kama mlivyonifundisha. Nikifika miguuni naona kiwiko hakikupata maji. Narudi mwanzo. Nikimaliza, naona nia yangu haikuwa safi. Narudi tena. Wenzangu msikitini wananiona ninavyochelewa kwenye maji, wananisifu. Juzi mzee mmoja alinishika bega mbele ya watu akasema vijana wa leo waje waone mcha Mungu anavyotawadha. Nilifurahi, shangazi, sikufichi. Kisha nikarudi nyuma ya ukuta nikatawadha upya.

Nakumbuka baba alikuwa akitawadha muda mrefu hivyo hivyo. Watu wa Kasongo walikuwa wakisimama kumtazama. Lakini yeye alikuwa mtulivu, na mimi sina utulivu. Yeye alifanyaje? Wewe ni dada yake, mmekula sahani moja. Niambie siri yake, niifuate.

Mimi mwanao,
Feruzi bin Amuri


Kasongo, 21 Oktoba 1956

Feruzi, mwana wa kaka yangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako ililala Bukavu hata nikadhani imeoa huko. Imenifikia siku mbili baada ya Maulidi, nyumba ikiwa bado inanuka ubani na pilau. Wasichana wangu walisoma vizuri, ila yule mdogo alisahau katikati, akaanza kulia, nikamwambia asome alipokumbuka. Akasoma alipokumbuka, na watu wakapiga vigelegele. Mguu wangu unauma ikinyesha mvua. Mengine ni mazima.

Umenifurahisha kwa suruali za Rumangabo. Baba yako angekwenda huko kwa miguu ili tu aone walinzi wamezivaa. Unaniuliza habari zake, na mimi nikianza kumsema Amuri sitaki kunyamaza. Mwaka ule mto ulipojaa na daraja likachukuliwa, alinivusha mgongoni, mimi mwanamke mzima, tena ananicheka kwamba nimekula ugali mwingi. Hakuna maskini aliyepita mlangoni kwake akakosa kuitwa ndani. Mti wa mchikichi ulio karibu na kaburi lake ni yeye aliyeupanda. Mtu kama yule, mwanangu, hazaliwi kila msimu.

Kuhusu udhu wako, sheria unaijua tangu ukiwa na meno ya utoto: yakini haiondolewi na shaka. Umeosha, umeosha. Shaka ikija baada ya kumaliza, hiyo si yako, ni ya yule mlaaniwa, mrudishie mwenyewe. Mara tatu, kisha vaa viatu vyako uende ukasali.

Lakini nina swali. Wasafiri wananiambia Goma ni mji wa mawe meusi matupu, hauna kisima wala mto, na kila tone la maji linapandishwa kutoka ziwani kichwani mwa mtu. Hapa Kasongo mtu akitawadha upya anachota tu. Huko kwenu inakuwaje? Nani anayekuchotea maji?

Nijibu, maana kuuliza si ujinga.

Shangazi yako,
Sikujuwa


Goma, 2 Desemba 1956

Shangazi yangu,

Salamu nyingi. Pole kwa mguu. Huku tumepata mgeni: mama mkwe wangu, Mama Mukabalisa, ameshuka kutoka milima ya Masisi. Alipanda lori la mkaa hapo Sake, akafika mweusi kuliko mkaa wenyewe, ameshika kibuyu cha maziwa kifuani kama mtoto. Ameleta maharagwe, viazi na siagi. Ni mkristo wa kweli kweli, kila jioni anasali rozari yake pembeni mwa kitanda, na siku ya kwanza aliniuliza kibla iko upande gani ili asikae mbele yangu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Lakini ana mdomo. Alikaa siku chache akiniangalia, kisha juzi nikiwa natawadha uani kwa mara sijui ya ngapi, akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mukwe, mimi niko mama ya kijiji, sijue mambo ya dini yenu. Lakini nambie kitu moja tu. Mungu yako iko na kiu gani?"

Wivine alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikajifunika shuka.

Sheria uliyoniandikia naijua, na nikiisoma kwa mwandiko wako inanituliza hadi nifike kwenye birika. Hapo inanitoka. Nilijaribu hata tayamamu. Najua hairuhusiwi maji yakiwepo, lakini nilijiambia maji yamekwisha. Nikapiga viganja juu ya jiwe, ndipo nikaanza kujiuliza kama jiwe la Goma lina vumbi au ni moto ulioganda tu, maana sisi tunahitaji vumbi. Nikachukua chekecheke ya unga nikachekecha udongo. Kisha nikaona huenda unga umebaki kwenye chekecheke. Cheka tu, shangazi, nami ningecheka kama angekuwa mtu mwingine.

Kazini si vizuri sana. Vidole vimekuwa laini na vyeupe kwa maji, sindano inateleza, na kaki ikishikwa na mkono wa majimaji inapata alama. Mgiriki ameniambia nichague kushona au kufua.

Alfajiri inanipita. Naamka giza, naanza kutawadha, nikiinua macho jua limeshaangaza mlima. Zamani nikisikia adhana moyo ulikuwa unafunguka. Sasa nikiisikia naziba masikio. Siku nyingine nalala nikitamani nisiamke, ili tu nisisikie adhana. Nimeandika maneno hayo na sasa sitayafuta.

Maji ya hapa ni ya ziwa la Kivu, ni safi sana.

Niambie juu ya baba. Si mto wala mchikichi. Niambie alivyotawadha, na alipataje utulivu.

Feruzi


Kasongo, 13 Januari 1957

Feruzi,

Salamu za nyumba nzima zimo humu, zihesabu mwenyewe, leo sina subira ya salamu.

Nilikuuliza maji yanachotwa na nani, ukanijibu kwamba ni safi. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako haikufika hata kwenye geti.

Maneno yako kwamba unatamani usiamke nimeyasoma, nikayaweka chini ya msala, nikasali juu yake, na tangu siku hiyo hakuna sala niliyosali bila jina lako. Sasa nisikilize. Umefanya jambo ambalo wanaume wengi niliowajua hawakulithubutu: umeandika kidonda chako kwa wino. Watu wanakusifu kwa maji unayomwaga, mimi nakusifu kwa mistari hiyo miwili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha.

Lakini karatasi inachukua wiki nyingi na mimi niko mbali. Maneno hayo hayo mwambie Wivine kwa mdomo wako. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, ukiwa umeshiba. Usilale nayo peke yako. Mwambie pia mwalimu wa msikiti wenu, na kama ana akili atakuambia udhu wako umetosha kabla hujamaliza kusema. Akikusifu, tafuta mwingine.

Usiache sala kwa ajili ya hofu, wala usifikiri Mungu amekuchukia. Anayechukiwa hasumbuki hivi.

Ya baba yako, subiri kwanza. Si kila kitu kinaandikwa siku kinapoulizwa.

Nani anayekuchotea maji?

Sikujuwa


Goma, 17 Machi 1957

Shangazi yangu mpenzi,

Najua nimenyamaza hadi umeogopa. Nimepata salamu zako kupitia kwa kila mtu aliyetoka Kindu. Sote tu hai. Naanza na hilo ili upumue.

Wivine ndiye anayenichotea maji.

Ana mimba. Nilijua kabla Mama Mukabalisa hajaja, na ndiyo sababu alikuja. Sikukuandikia kwa kuwa ningeandika mimba, ungeunganisha mimba na maji, na jibu ungelipata mwenyewe. Anateremka ziwani na debe, anapanda na debe, kwenye mawe yale yanayokata viatu. Akilifikisha, linaisha kwenye miguu yangu. Anarudi. Hajawahi kusema neno. Ukimwona anavyopanda na lile debe, shingo imenyooka, hata tone halimwagiki, utasema amebeba taji. Mimi nilikuwa nikimwona hivyo, nikimsifu moyoni, kisha namwaga.

Katikati ya Februari alianguka. Alikuwa analeta maji ya Adhuhuri yangu, na ya kwanza nilikuwa nimeshayamaliza. Jirani walimleta mikononi. Damu ilitoka kidogo. Zéphirin, mwuguzi wa dispensari, alikaa naye jioni yote, akasema mtoto bado anacheza ila mama asiinue kitu tena, hata sufuria. Mama Mukabalisa, aliyekuwa amerudi Masisi, alifika na lori la kwanza. Hakunitukana. Alinitazama tu, akaenda kuchukua debe. Nikamnyang'anya.

Sasa nachota mwenyewe. Nilidhani uchovu utaniponya. Kumbe nikifika ziwani, maji yote yale hayana mwisho, natawadha pale pale hadi wanawake wa ziwani wanaondoa watoto wao. Juzi nilirudi nyumbani bila debe. Nililisahau ufukweni.

Lakini nimekutii. Nilimwambia Wivine. Nilimwambia mchana, nikiwa nimeshiba, maneno yale yale. Nilidhani atalia. Alikuwa amelala kiubavu, akanishika mkono, akatazama vidole vilivyojikunja kwa maji. Akasema, "Wakati ulikuwa unanifundisha kutawadha, nilikuuliza kama mara tatu inatosha. Ulisema inatosha. Ulisema dini ni nyepesi. Ulikuwa unanidanganya?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona yangu inatosha na yako haitoshe?"

Nimejifunza dini tangu utoto, shangazi, na yeye aliingia juzi tu, naye ndiye anayenifundisha. Nilijisikia kuwa na bahati ya kuoa mtu huyu, na hapo hapo nikaogopa kwamba nitampoteza, yeye na mtoto, kwa kunawa.

Nakuomba mara ya tatu. Niambie ya baba. Usiniambie alikuwa na subira.

Feruzi


Kasongo, 7 Aprili 1957

Mwanangu Feruzi,

Ramadhani imeingia, na mtu akifunga anaona haya kuzungukazunguka. Nimekaa tangu asubuhi na kalamu. Msalimu Wivine. Mwambie kuna kikongwe Kasongo ambaye hajamwona na anampenda. Msalimu Mama Mukabalisa, na umwambie swali lake la kiu nimelisimulia chuoni, na mwalimu wa wanaume amesema hajasikia fatwa fupi kama ile.

Wazazi wangu waliniita Sikujuwa, lakini nilijua.

Baba yako hakuwa na utulivu. Alikuwa anaumwa. Ni ugonjwa huu huu, mwanangu, wasiwasi, na ulimshika akiwa na umri kama wako. Watu wakasimama kumtazama wakasema huyu ni walii, nasi nyumbani tukaona ni heri kaka yetu aitwe walii kuliko aitwe mgonjwa. Kadiri walivyomsifu ndivyo alivyoshindwa kuacha. Mtu atawaambiaje watu wanaomsifu kwamba anazama? Mimi niliyekuandikia methali ya mficha maradhi nilikuwa nimeyakalia maradhi yake.

Ulipozaliwa, asubuhi moja ya jua kali, nilikutoa ndani nimekufunga kanga, nikakuleta barazani ili baba yako akuadhinie sikioni. Alifurahi kama mwendawazimu. Akasema, ngoja nitawadhe. Hakuna aliyemwambia kwamba kumwadhinia mtoto hakudai udhu. Tukangoja. Mume wangu akaenda kumwita, akasema bado kidogo. Tukangoja. Wewe ukalia, ukanyonya, ukalala. Kivuli cha nyumba kikatuhama. Mwisho mume wangu akakuadhinia yeye, kwa sauti ya chini, ili Amuri asisikie. Nilipoinua macho, baba yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Mikono ya kanzu yake ilikuwa inachuruzika maji hadi chini. Alikuwa analia, na hakusogea. Hakulisema jambo hilo hadi alipokufa, wala sisi hatukulisema.

Sasa nisikilize tena, maana sitaki umdharau. Nilimstaajabia kaka yangu nikiwa mtoto na namstaajabia leo. Si kwa maji. Ni kwa sababu aliyebeba mzigo ule kila siku ya Mungu bado aliamka, akalima, akakuvisha, akanivusha mto akinicheka. Mwenye mzigo mwepesi kutenda wema si ajabu.

Na jambo lingine. Hukuwahi kumwosha baba yako. Ulifika tumeshamzika. Nadhani tangu siku hiyo unajaribu kumwosha juu ya mwili wako mwenyewe. Basi nakupa habari. Aliyemwosha ni mume wangu na mwalimu. Walimwosha mara tatu, kwa utulivu, yule ambaye maisha yake yote hakutosheka, na mara hiyo ikamtosha. Hakikubaki kitu cha kumwosha, mwanangu.

Dawa yangu ni hii, sina nyingine. Usitawadhe peke yako tena. Kaa mbele ya Wivine. Osha, na yeye akutazame. Akisema "imetosha", inuka, hata kama kiwiko kinakupigia kelele. Shaka ikikufuata hadi kwenye msala, iache isimame nyuma yako na waliochelewa, wewe usali. Kama kuna dhambi katika udhu huo, nimeibeba mimi, mbele ya Mungu, na nimeiandika hapa kwa mkono wangu nikiwa nimefunga.

Shangazi yako,
Sikujuwa binti Yuma


Goma, 26 Mei 1957

Shangazi yangu, mama yangu,

Umepata mjukuu. Ni msichana. Mama yake ni mzima, kwa uwezo wa Mungu na mikono ya Zéphirin. Mama Mukabalisa anasema mtoto ana paji la uso la Masisi. Mimi naona ana hasira za Kasongo.

Barua yako ilifika Ramadhani ikiwa imebaki kidogo. Niliisomea ukumbini, kisha nikamsomea Wivine yote, pamoja na mikono ya kanzu ya baba. Tulilia wote wawili. Nimemlilia baba siku hiyo kuliko mwaka mzima, lakini kilikuwa kilio kingine, cha kumwonea huruma, si cha kutaka kumfikia.

Dawa yako tulianza siku hiyo hiyo. Wivine amelala kitandani karibu na dirisha, mimi nimechuchumaa nje na birika. Namaliza, namtazama. "Imetosha." Siku za mwanzo nilikuwa nainuka nikiangalia nyuma kama mwizi. Nilisali sala ambazo moyo wote ulikuwa unaniambia ni bure. Mara nyingine nilijificha nikarudia, na yeye akajua kwa kuangalia debe, akasema, "Feruzi, umekunywa wewe au Mungu?" Amerithi mdomo wa mama yake. Lakini aliniita kila wakati, hakuchoka, hakunicheka nikiwa chini. Sijui wanawake kama huyu wanatengenezwa wapi.

Mwalimu wa msikiti pia nilimwambia. Akaniambia mdogo wake alikuwa hivyo, na kwamba vijana watatu wa hapa Goma waliwahi kumletea jambo hili wakiwa na aibu. Nilidhani niko peke yangu chini ya mbingu. Sasa tunakaa pamoja baada ya Alasiri, tunatawadha tukitazamana, na anayerudia anawanunulia wengine chai. Nimeshawanunulia nyingi. Yule mzee aliyenisifu bado ananisifu, ila sasa namwambia asante, baba, nina ugonjwa, niombee. Anadhani ni unyenyekevu.

Sijapona kabisa. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniambia ukweli. Zipo siku mbaya. Lakini nikisikia adhana sizibi tena masikio, na suruali za Rumangabo zimekwisha, na Mgiriki amenipa koti nilishone.

Sasa sikia la mwisho. Uchungu ulimshika Wivine mchana, wiki mbili zilizopita. Mlango ulifungwa. Nikasikia kilio cha mtoto, na Mama Mukabalisa akatoka uani ameshika kifurushi cha kitambaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika birika. Shangazi, najua ulichoniandikia, kwamba adhana hii haidai udhu, lakini mkono ulikuwa umeshalifikia. Nikaosha. Nikamaliza. Na sauti ikaja, ile ile, ikaniambia kiwiko. Nikageuka kumtazama Wivine, na dirisha lilikuwa limefungwa. Alikuwa ndani, amechoka, hakuna aliyebaki wa kusema neno lile.

Nikamwona baba kwenye mlango wa ua. Nilimwona kama ulivyomwandika.

Nikasema mwenyewe, kwa sauti, hata kuku wakashtuka: "Imetosha." Nikaweka birika chini. Nikampokea mtoto, nikaelekea kibla, nikamwadhinia sikio la kulia, nikamsomea ikama la kushoto. Sauti yangu ilikatika mara moja katikati, nikaendelea pale nilipokumbuka, kama yule msichana wako mdogo. Mikono ya kanzu yangu ilikuwa mikavu. Nilifanya hivyo kwa ajili yake na kwa ajili ya baba pia, na nadhani alisikia.

Mama Mukabalisa alikuwa amesimama, rozari imezungushwa kiganjani. Nilipomaliza akamchukua mtoto, akanipima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani, akatazama debe lililokuwa bado limejaa.

"Mukwe," akasema, "leo Mungu yako haikukuwa na kiu?"

Nikamwambia hakuwahi kuwa nayo, mama.

Mwanao,
Feruzi bin Amuri

Maji nachota mimi.